Umri wa Miti Yetu na Jinsi ya Kuujua

Wasomaji wengi wamepata kusikia ya kuwa mti ukikatwa, mtu aweza kuhesabu pete zilizo katika kisiki akajua umri wake. Neno hili ni kweli, lakini si kwa kila mti. Na huku Unguja, ambako mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwingine, sheha huulizwa mara nyingi: mti huu umepandwa lini?

Katika nchi za baridi mti hulala wakati wa theluji, kisha huamka. Kwa hiyo kila mwaka huacha pete moja. Mwaka wa mvua njema pete huwa nene, mwaka wa ukame huwa nyembamba. Kwa pete hizo A. E. Douglass wa Marekani, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutazama nyota, aliweza mwaka 1929 kutaja miaka zilipokatwa boriti za nyumba za kale za wenyeji wa huko.

Kizimkazi hakuna theluji. Twaona masika, vuli, na kiangazi baina yake. Hata hivyo mkoko huandika miaka yake. Wataalamu waliouchunguza huko Gazi, pwani ya Kenya, waliitia alama miti iliyo hai, na baadaye wakatazama mbao zake: zile za wakati wa mvua zina vitundu vichache vya kupitisha maji, na za kiangazi zina vingi vilivyosongamana. Lakini mchu, jirani yake katika tope lile lile, una pete nzuri zilizo wazi, nazo hazifuati mwaka hata kidogo! Mwalimu atakayewahesabia wanafunzi kisiki cha mchu atawapotosha pasipo kujua.

Mnazi hauna pete kabisa. Umri wake u nje, katika makovu ya makuti yaliyoanguka. Mnazi mrefu wenye afya hutoa makuti kama 12 hata 14 kwa mwaka. Basi makovu yahesabiwe, yagawanywe, na iongezwe miaka ya utoto kabla shina halijatokea. Hesabu hiyo ni ya kukisia tu. Mahali shina lilipokonda na makovu kukaribiana, hapo mti uliona taabu, pengine ya ukame.

Ama mbuyu, unene wake si ushahidi. Hujaa maji na kunywea. Tena mara nyingi ni mashina kadhaa yaliyoungana. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia. Mbuyu hauna maandishi, na umri wake hutafutwa kwa kupima kaboni iliyo katika vipande vya mti wenyewe.

Mwalimu apendaye kujaribu asikate mti. Na atafute kipande cha boriti kuukuu iliyotolewa darini, ahakikishe ni ya mkoko, akilainishe kwa msasa, kisha akitazame juani kwa kioo cha kukuzia, akianzia upande wa gome.