Nyumba Inauzwa: Namna ya Kuandika Tangazo Linalomleta Mnunuzi

Kijitabu kwa mwenye nyumba anayeuza mwenyewe, na kwa dalali anayemwandikia

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam utakuta ukuta umeandikwa kwa rangi, herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mara nyingine chini yake pameongezwa: OGOPA MATAPELI. Mwenye nyumba amelazimika kutangaza kwamba hauzi, maana wapo watu wanaoweza kuiuza yeye akiwa kazini. Anayetafuta nyumba ya kununua anazipita kuta hizo kila siku akiwa ndani ya daladala. Basi anapofungua simu na kukutana na tangazo lako, anasoma huku akitafuta kasoro. Anataka kujua kama nyumba ipo kweli, kama ni yako, kama inafikika, na kama bei uliyoandika ndiyo bei yenyewe.

Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kumjibu mtu huyo kwa maneno machache. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, na sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

KAZI YA TANGAZO

Nyumba inauzwa mnunuzi akishaingia getini, akafungua mabomba, akatazama dari, akarudi siku ya pili na mwenzi wake au kaka yake mkubwa, na siku ya tatu na fundi. Tangazo lina kazi ndogo kuliko hiyo: kumfanya mtu anayefaa afunge safari. Lina pia kazi ya pili, ambayo wauzaji wengi hawaipendi, nayo ni kumzuia asiyefaa. Mwenye milioni 60 ukimleta kwenye nyumba ya milioni 200 umempotezea Jumamosi yake, na ya kwako pia. Ukipigiwa simu hamsini na wote wanauliza "bei gani?", usifurahi. Hukuandika bei.

MANENO YALIYOCHOKA

"Nyumba kali." "Ya kisasa." "Mtaa tulivu." "Bei ya kutupa." "Wahi!" Maneno haya si uongo, ila hayasemi kitu. "Ya kisasa" kwa mmoja ni bati la rangi na madirisha ya aluminiamu. Kwa mwingine ni jiko la ndani lenye makabati na maji ya moto. Liandike hilo bati, yaandike hayo makabati, na msomaji mwenyewe ataamua kama ni usasa. Badala ya "mtaa tulivu", eleza kwamba nyumba iko mwisho wa njia isiyopitisha magari. Na kama kuna baa nyumba ya tatu, liache kabisa neno "tulivu": mnunuzi makini akishapaona mchana hurudi Ijumaa usiku.

"Inauzwa kwa shida" madalali wanaipenda sana, wakiamini inaharakisha biashara. Kinachofanyika ni kwamba kila anayesoma anajiuliza shida gani: mkopo umeiva? Ndugu wanagombana? Ipo kesi? Wachache watakaopiga simu watapiga kwa ajili ya kukulalia kwenye bei. Ifute.

Lililochoka kuliko yote ni "dakika tano kutoka lami". Dakika tano za nani? Za mtembea kwa miguu, za bodaboda, au za gari usiku wa manane? Za kiangazi au za Aprili, masika yakiwa yamekolea? Andika umbali kwa mita au kilomita, kisha hali ya njia: "Mita 700 kutoka lami, barabara ya kifusi, gari dogo linapita hata masika." Maneno hayo matano ya mwisho yana thamani kuliko sifa zote ulizokuwa umepanga kuandika. Kama gari dogo halipiti, sema hivyo hivyo. Mwenye gari la juu atakuja, na mwenye gari dogo hatakulaumu.

KARATASI ZITANGULIE

Wauzaji wengi huanza na sebule na kumalizia na hati, au huandika "hati ipo" na kunyamaza. Sisi tunashauri uanze na karatasi, kwa sababu ndizo zinazoamua nani anaweza kununua. Anayetegemea mkopo wa benki anatafuta hati ya kumiliki ardhi, na asipoiona katika mistari ya mwanzo anapita. Anayenunua kwa fedha taslimu pengine atakubali leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, lakini bei atakayotoa ni nyingine. Kila karatasi ina jina lake. Leseni ya makazi usiiite hati. Na kiwanja kilichopimwa si lazima kiwe na hati. Upimaji ni hatua moja na umilikishaji ni nyingine, na mnunuzi anayejua tofauti hiyo akikukamata umechanganya, hatakuamini hata kwenye idadi ya vyumba.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake. Unachouza ni haki ya kumiliki kwa muda uliotajwa katika hati, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Andika muda huo na mwaka ulipoanza. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1999 inafikia mwisho 2032, na mnunuzi atapiga hesabu hiyo hata usipomsaidia.

Kisha sema nani anauza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na mauzo mengi yamekwama siku ya kutia saini kwa sababu mama mwenye nyumba hakuwa na habari. Kama mmekubaliana, mstari mmoja unatosha: "Mke na mume wote tumeridhia." Kama ni nyumba ya urithi, eleza kwamba msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama. Kama hajateuliwa, tangazo lisubiri.

Picha ya hati usiiweke kwenye tangazo. Ina jina lako na namba za kiwanja, na tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Andika kwamba nakala itaoneshwa kwa mnunuzi atakayekuja, na kwamba yuko huru kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Muuzaji anayemkaribisha mnunuzi kwenye upekuzi ameshamwondolea nusu ya wasiwasi.

MAJI YA KUNYWA NA MAJI YA MVUA

Baada ya karatasi, mnunuzi wa Dar es Salaam anauliza habari za maji, na ana maana mbili.

Ya kwanza ni ya bombani. "Maji yapo" haitoshi. Yanatoka siku ngapi kwa wiki? Simtanki ni la lita ngapi, na linakutosha siku ngapi maji yakikatika? Kama kuna kisima, maji yake ni baridi au ya chumvi? Visima vingi vya jiji hili hutoa maji ya chumvi, yanayofaa kudekia na kumwagilia tu, na mtu aliyewahi kuishi navyo hasahau kuuliza.

Ya pili ni ya mvua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu katika bonde la Msimbazi, na Serikali ikawahamishia wengine Mabwepande. Tangu hapo, anayesoma kwamba nyumba iko "bondeni kidogo" au "karibu na mto" anasikia kitu tofauti na alichokusudia mwandishi. Kama maji hayajawahi kuingia ndani, sema hivyo pamoja na idadi ya miaka uliyoishi hapo. Kama yaliwahi, taja mwaka, taja yalifika wapi, na ulifanya nini baadaye: mtaro, ukuta, au kuinua sakafu. Majirani watamwambia tu. Afadhali asikie kwako.

SIFA ZINAZOTISHA

Kuna mambo ambayo zamani yalikuwa sifa na leo yanahitaji maelezo. "Iko kando kabisa ya barabara kuu" ni mojawapo. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na alama ya X nyekundu ukutani watu wameiona kwa macho yao. Kama nyumba yako iko karibu na barabara kuu, andika iko mita ngapi kutoka kwenye mpaka wa hifadhi.

"Ufukweni" nayo ni hivyo hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka kwenye bahari, mto au ziwa ambamo shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, haziruhusiwi. Anayeweza kununua nyumba ya ufukweni ana mwanasheria, na mwanasheria ana futi kamba.

Kigamboni ina hesabu yake. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, nyumba nyingi za huko hutangazwa kwa dakika za kufika mjini. Mnunuzi, yeye, anahesabu pia tozo ya darajani kila siku ya kazi, au foleni ya pantoni. Kutaja njia zote mbili hakupunguzi bei.

NDANI

Hapa tuende haraka, kwa sababu ndani mnunuzi atapaona mwenyewe. Taja vyumba vya kulala na vingapi ni masta, sebule, jiko, stoo, na choo cha kuchangia kiko upande gani. Kiwanja kitaje kwa mita za mraba. "20 kwa 20" inaacha swali kama ni mita au hatua, na hatua za mtu mrefu si za mfupi. LUKU iwe ya nyumba hiyo peke yake, na kama inachangiwa na banda la uani, sema, kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Kama kuna wapangaji, andika mkataba wao unaisha lini. Kama unauza pagale, sema limefika wapi: msingi, lenta, au limeshapauliwa.

Upepo unasahaulika mno. Pwani nyumba ambayo vyumba vyake vinapokea kusi hulalika bila feni miezi mingi ya katikati ya mwaka, na ile ambayo sebule yake inatazama magharibi hupikwa na jua la alasiri. Jambo hilo picha haiwezi kulionesha, maneno yanaweza.

Kasoro nazo ziandikwe. Sheria ya Mikataba inampa aliyeingizwa kwenye mkataba kwa maelezo ya uongo nafasi ya kuukataa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Lakini hata bila sheria, doa kwenye dari lililotajwa kwenye tangazo ni doa tu. Likigunduliwa na fundi wa mnunuzi, linakuwa sababu ya kukagua nyumba nzima upya.

BEI NA MADALALI

Andika bei. "Maongezi yapo" inakubalika, mradi iwe pembeni ya namba. Ikisimama peke yake inamwambia msomaji kwamba hata wewe hujui unataka nini.

Ukiwapa madalali watatu nyumba moja bila maandishi, baada ya wiki utaikuta mtandaoni ikiwa na bei tatu, na mahali pengine imeongezewa chumba. Mnunuzi akiziona zote tatu, atapigia ya chini kabisa au hatapiga kabisa. Andika tangazo moja, wape wote maneno yale yale, na uweke masharti kwamba wasiyabadilishe bila ruhusa yako. Taja pia ada ya dalali inalipwa na nani, na kama kuna pesa ya kuoneshwa nyumba. Kwa maoni yetu isiwepo.

MFANO

Tangazo hili ni la kubuni, ila ya namna hii yapo kila siku:

"NYUMBA KALI INAUZWA GOBA!!! Vyumba vitatu, ya kisasa, mtaa tulivu, dakika tano tu kutoka lami. Maji na umeme vipo. Bei ya kutupa, maongezi yapo. Wahi!"

Nyumba ile ile ingeweza kuandikwa hivi:

"Nyumba ya vyumba vitatu, Goba, Dar es Salaam. Shilingi milioni 180, tutazungumza ukishaiona. Hati ya kumiliki ya miaka 99 iliyoanza 2010, ina jina la muuzaji, haina mkopo. Mke na mume tumeridhia kuuza. Kiwanja mita za mraba 620, kina ukuta pande zote na geti la chuma. Chumba kimoja ni masta, viwili vinachangia choo na bafu. Mita 700 kutoka lami, barabara ya kifusi, gari dogo linapita hata masika. Maji ya DAWASA hutoka siku tatu kwa wiki; simtanki mbili za lita 5,000. Kisima kipo, maji yake ni ya chumvi, tunamwagilia bustani. LUKU ni ya nyumba hii peke yake. Dari ya chumba cha nyuma ina doa la maji: bati limezibwa, dari haijabadilishwa. Kuona ni Jumamosi na Jumapili, saa nne hadi saa kumi. Hakuna malipo ya kuoneshwa."

Tangazo la pili ni refu, na wapo watakaosema watu hawasomi. Anayetaka kutoa milioni 180 anasoma, tena mara mbili, kisha anamtumia shemeji yake asome. Na maji ya chumvi yale, ambayo wengi wangeyaficha, ndiyo yanayomfanya aamini habari za hati.

Picha zipigwe mchana, ya kwanza iwe ya nyumba yenyewe kutoka getini. Sura za watoto zisionekane. Kila kilichomo kwenye maneno na kinachoweza kupigwa picha kipigwe, likiwemo lile doa.

Nyumba ikishauzwa, futa tangazo siku hiyo hiyo na uwataarifu madalali wote uliowapa. Matapeli huchukua matangazo yaliyosahaulika hewani, yenye picha nzuri na maelezo ya kweli, wakabadilisha namba ya simu na kuanza kukusanya malipo ya awali.