Mama Mwenye Watoto Wadogo Asaidiwe na Nani?

Mwezi huu tuyaache kidogo mafundisho makubwa juu ya mapendo na uaminifu, tuingie jikoni. Tunataka kuzungumza juu ya mama mwenye watoto watatu, wanne au watano, ambao mkubwa wao hajafika miaka kumi. Katika miaka hiyo ndoa nyingi hupata ufa bila ugomvi wowote. Mmoja amechoka hadi hana la kusema, na mwenzake anashangaa kwa nini nyumba imekuwa baridi.

Tutatazama hasa familia za wakulima wa chai wa Kericho na Bomet, pande za Litein, Kapkatet, Mogogosiek na kwingineko. Anayelima mahindi au anayeishi mjini atajiona humo pia.

Chukueni mfano wa mama mwenye watoto wanne: wa miaka minane, wa miaka sita, wa miaka mitatu, na mchanga wa miezi mitano. Saa kumi na moja alfajiri amekwisha amka. Awashe moto, akamue ng'ombe, apike chai na uji, awavishe wale wawili wa shule sare ambayo haijakauka kwa sababu jana mvua ilinyesha tangu saa nane. Saa moja wameondoka. Yule wa miaka mitatu amemwaga uji, na mchanga analia. Kama leo ni zamu ya kuchuma chai, hakuna kuahirisha. Chai huchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, kulingana na mvua na baridi, na kinachotakiwa ni chipukizi pamoja na majani mawili machanga. Yakipitwa na siku yake hukomaa, na karani wa kituo atayakataa. Tena yaliyochumwa leo lazima yafike kituoni leo, kabla lori halijaja. Mizani haimngojei mtoto amalize kunyonya.

Sasa tazameni jambo moja ambalo wanaume wengi hupita wakiliona kila siku bila kulifikiri. Kikapu cha chai hubebwa mgongoni. Mtoto naye hubebwa mgongoni. Mgongo ni mmoja. Kwa hiyo kila mama mwenye mtoto mchanga na shamba la chai, hata liwe nusu ekari, lazima atafute jibu kila zamu. Wengine humlaza mtoto pembeni mwa shamba chini ya mwavuli, akilindwa na yule wa miaka mitatu. Wengine humwachia jirani ambaye naye ana wake. Wengine hubaki nyumbani, na majani yakakomaa, halafu jioni wakaulizwa: "Hivi leo umefanya nini?"

Je, bibi zetu walifanyaje? Waliokulia katika boma la Kipsigis wanalijua jina cheplakwet, yaani msichana mdogo aliyepewa kazi ya kumbeba na kumchezesha mtoto mchanga mama akiwa shambani. Mara nyingi alikuwa dada mkubwa wa mtoto, au binti wa ndugu aliyeletwa kwa kazi hiyo. Wataalamu wawili wa Marekani, Sara Harkness na Charles Super, mke na mume, waliishi katika miaka ya 1970 pamoja na wakulima wa Kipsigis mahali paitwapo Kokwet, wakichunguza malezi ya watoto. Waliona kwamba mtoto mchanga hakuachwa peke yake: usiku alilala na mama yake, na mchana, mama alipokuwa kazini, alikuwa mikononi mwa mlezi huyo mdogo. Hakuna aliyedhani kwamba mwanamke mmoja aweza kuchunga kila kitu.

Leo cheplakwet yuko darasani. Tangu Januari 2003 elimu ya msingi ni bila karo katika shule za serikali, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamdai mzazi ampeleke mtoto shule. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Nani kati yetu angependa binti yake abaki nyumbani akibeba mtoto huku wenzake wakisoma? Tena watoto hao wakirudi jioni wanaleta kazi za mtaala mpya: tafuta maboksi, tengeneza hiki, piga picha ya kile, na mwalimu anataka mzazi ashiriki. Basi yule msaidizi wa mchana ameondoka, na jioni anarudi akihitaji msaada yeye mwenyewe. Lakini ni nyumba ngapi ambamo mume na mke waliketi siku moja wakaulizana: huyu akienda shule, nafasi yake itashikwa na nani? Haikuulizwa. Kazi ile iliangukia kwa mama kimya kimya, juu ya zile alizokuwa nazo.

Wako watakaosema, "Kogo yupo." Nyanya ni baraka, na mtoto aliyelelewa karibu naye hupata lugha, hadithi na adabu. Lakini Kogo naye ana chai yake, ana magoti yanayouma wakati wa baridi ya Juni na Julai, na amekwisha lea wake. Aombwe, asilazimishwe, na akisaidia, apelekewe sukari bila kungoja Krismasi. Wengine huajiri msichana wa kazi. Ni sawa ikiwa ni mtu mzima, analipwa kwa wakati na anakula meza moja nanyi. Lakini kumtoa binti wa maskini shuleni ili wako apate kusoma ni dhuluma, hata kama wazazi wake wamekubali. Kwa mama aliyeajiriwa katika mashamba makubwa, sheria imesaidia kidogo: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Mwenye shamba lake mwenyewe hana likizo wala mwajiri wa kumwomba. Ana mume.

Hapa tunafika kwa baba. Tunajua neno litakalosemwa, hasa na wazee wakiketi baada ya Misa: mila haimruhusu mwanamume kushika mtoto mchanga. Tunawaheshimu wazee. Lakini mila ile ile iliyomweka baba mbali na mtoto ilimpa mama cheplakwet. Kama nusu moja ya mila imekwenda shule, hatuwezi kuishika nusu nyingine na kusema tunalinda mila. Huko ni kumwonea mama.

Na tusidhani ni hisia tu za akina mama. Uchunguzi wa Shirika la Taifa la Takwimu juu ya matumizi ya wakati, uliofanyika mwaka 2021, ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya hutumia zaidi ya saa nne kwa siku katika kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa, na mwanamume chini ya saa moja. Ni karibu mara tano. Kuchuma chai ni juu ya hizo.

Kanisa lina neno juu ya hili. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ya mama nyumbani lazima itambuliwe na kuheshimiwa kwa thamani yake, wala mwanamke asihesabiwe heshima kwa kazi ya nje peke yake. Katika waraka huo huo aliwakumbusha wanaume kwamba nafasi ya baba katika malezi haiwezi kushikwa na mwingine. Mahubiri ya harusi husifu sana lile la kwanza. La pili halisikiki mara nyingi.

Hebu tutazame mfano wa watakatifu waliokuwa na shida kama hizi. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne wakiwa wadogo. Zélie alikuwa na kazi yake ya kutengeneza lesi huko Alençon, na kazi hiyo ilikua. Louis alikuwa fundi wa saa mwenye duka lake. Mwaka 1870 aliliacha duka akamuuzia mpwa wake, ili aisaidie kazi ya mkewe. Teresia alipozaliwa mwaka 1873 akawa dhaifu, alipelekwa kwa mlezi wa shambani amnyonyeshe. Na nyumbani walikuwa na mtumishi. Hata mama mtakatifu, basi, hakulea peke yake, na mume mtakatifu hakuona aibu kuingia katika kazi ya mke. Hatusemi kila baba wa Bomet aache bodaboda yake. Tunasema ajue saa ambayo mgongo wa mkewe unahitajiwa na kikapu, na saa hiyo mtoto awe wake.

Akina mama, nanyi tuseme nanyi. Wako baba ambao walijaribu, wakachekwa. Alifunga nepi upande, mke akamwita mama mkwe aje kuona. Alipika ugali ukawa mgumu, habari ikafika kituoni kabla ya majani. Baba wa namna hiyo hatarudia. Mwacheni ajifunze kama ninyi mlivyojifunza. Mtoto hatakufa kwa nepi iliyofungwa vibaya. Tena semeni. Mke anayenyamaza mwezi mzima halafu akalipuka kwa sababu ya kikombe kilichoachwa mezani, mumewe anadhani ugomvi ni wa kikombe.

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kuliruka, nalo ni kupishanisha watoto. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba uamuzi juu ya idadi ya watoto ni wa mume na mke wenyewe mbele ya Mungu, wakitazama mema yao na ya watoto waliopo na watakaokuja. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa ya kifua peke yake, mchana na usiku, ambaye hajaona siku zake tangu alipojifungua, na mtoto wake hajatimiza miezi sita, ana nafasi ndogo sana ya kushika mimba, chini ya wawili katika mia. Lakini masharti yote matatu yatimizwe. Mama akiwa shambani tangu saa mbili hadi saa nane mchana, na mtoto akipewa maziwa ya ng'ombe nyumbani, sharti la kunyonyesha limevunjika, na wengi wameshangaa kujikuta na mimba wakati wa mtoto wa miezi mitano. Baba anayembeba mtoto na kumpeleka shambani saa nne, akanyonya, akarudishwa, kisha tena saa saba, anapanga uzazi kwa miguu yake. Baada ya miezi sita, mwende wote wawili kwa mwalimu wa njia za asili katika parokia au hospitali ya misheni. Mke akienda peke yake, atarudi na chati ambayo mume haijui wala haiheshimu.

Mwisho ni fedha. Wakulima wengi wadogo hapa huuza majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 na kugeuzwa kampuni mwaka 2000. Hupata malipo ya kila mwezi kwa kilo, kisha karibu na Oktoba huja bonasi. Nambari ya mkulima mara nyingi ni ya baba, na akaunti ni ya baba. Kila mtu katika eneo letu anajua majuma ya bonasi: hoteli za mjini zimejaa, na mama aliyechuma mwaka mzima hajui hata ni shilingi ngapi zimeingia. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inasema mchango katika ndoa si fedha peke yake. Inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, kazi ya shamba, na hata kukaa pamoja na mwenzako. Sheria hiyo hufunguliwa mahakamani, ndoa ikiwa imekwisha kufa. Ninyi ihesabuni mkiwa hai, mezani kwenu, karatasi ya bonasi ikiwa katikati na wote wawili mkiisoma. Kabla ya mabati na kabla ya ng'ombe wa pili, pimeni vitu vinavyopunguza saa za mama: tangi la kuvuna maji ya mvua, jiko lisilokula kuni nyingi, mtu mzima wa kulipwa siku za kuchuma. Kericho ina mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Kumtuma mama mtoni na mtungi katika nchi hiyo ni uzembe wa baba, tusiite umaskini.

Kazi yenu ya mwezi huu ni hii. Siku moja ya kuchuma, watoto wakiisha lala, kila mmoja aandike saa za mwenzake, tangu kuamka hadi kulala: mume aandike za mke, na mke za mume, bila kuulizana. Kisha mbadilishane karatasi, kila mmoja asahihishe yale yaliyosahauliwa. Msibishane usiku huo. Kesho yake chagueni saa moja tu katika siku ya kuchuma, na mwandike pembeni jina la atakayemshika mtoto saa hiyo. Ikifaulu kwa zamu tatu, ongezeni ya pili. Wenye swali lililobaki walilete katika jumuiya ndogo ndogo, akina baba wakiwepo.