Njia ya Kwenda Hospitali Hulipwa na Nani?

Leo tuanze na mtihani mdogo. Fikiria uko nyumbani, kijiji kimoja upande wa Endabash, wilaya ya Karatu. Ni mwezi wa Aprili, masika imekolea. Saa nane usiku dada yako anashikwa na uchungu. Ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kati yenu na zahanati kuna korongo, nalo limejaa maji. Kijana wa bodaboda anasema, "Nitawafikisha korongoni, lakini kuvuka siwezi." Je, utafanyaje?

Likitokea baya, watu watasema ni kudra ya Mungu. Lakini ngoja kwanza. Korongo lisilo na kivuko lina mwenyewe, na kivuko kina bajeti. Ndilo somo letu la leo.

Kuchelewa kwa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwa nini akina mama hufa kwa uzazi mahali ambapo wangeweza kuokolewa. Walisema kuna kuchelewa kwa aina tatu.

Kwanza ni kuchelewa kuamua. Mume yuko mnadani, bibi anasema tungoje kupambazuke. Pili ni kuchelewa kufika, kwa sababu hakuna njia, chombo wala nauli. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika, kwa sababu hakuna damu, dawa au mtaalamu.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Daktari hata awe hodari vipi, kuchelewa kwa aina ya pili hawezi kukutibu, kwa sababu yeye yuko ng'ambo ya korongo.

Usafiri si gari peke yake

Ukisikia neno usafiri unawaza nini? Landrova ya watalii ikipandisha kwenda Ngorongoro? Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Serikali ya Japani, na imerahisisha mengi. Lakini mgonjwa wa Endabash, au yule wa Endulen aliyepewa rufaa kwenda mbali zaidi, hana budi kwanza aifikie hiyo lami. Safari yake inaweza kuanza kwa miguu, ikaendelea kwa machela, pikipiki au punda, ndipo gari. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, wote umekatika.

Jambo hili lilionekana wazi huko Makete, nyanda za juu kusini, kwenye mradi wa usafiri vijijini uliofanyika kati ya miaka ya 1985 na 1996. Safari nyingi za wanakijiji zilikuwa za hapo hapo kijijini na kandokando yake: kwenda kisimani, kuni, shamba, mashine ya kusaga. Nyingi zilikuwa za miguu, na mizigo mingi ilikuwa kichwani mwa wanawake. Kwa hiyo, pamoja na barabara, mradi ulitengeneza njia za miguu na vivuko, na kuhimiza matumizi ya punda.

Pesa zinatoka wapi?

Fedha ambazo Serikali Kuu hupeleka wilayani kwa kazi fulani bila kuzidai tena huitwa ruzuku. Usidhani ni pesa za bure. Kila anayenunua lita ya petroli au dizeli hulipa tozo inayoingia Mfuko wa Barabara, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Maana yake nini? Yule kijana wa bodaboda aliyeshindwa kuvuka korongo amekuwa akichangia kila anapojaza tangi. Na wewe uliyempa nauli umechangia pia.

Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS. Zile za wilaya na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, na mtandao wake unazidi kilomita 140,000. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, Mamlaka ya Hifadhi nayo ina barabara zake. Ndiyo maana swali la kwanza kuuliza ni hili: "Njia hii ni ya nani?" Usipojua mwenyewe, barua yako itazungushwa ofisi hadi ofisi.

Halafu kuna mtego. Kwa kawaida barabara hupimwa kwa idadi ya magari yanayopita. Pale korongoni hakuna gari, kwa hiyo kwenye daftari panaonekana hapana mtu. Kumbe kila siku wanapita wanafunzi, akina mama na wagonjwa! Kisichohesabiwa hakipangiwi fedha.

Je, nauli ya usiku?

Hapa kuna habari njema. Mwaka 2013 ulianza mpango uitwao m-mama, kwanza Shinyanga na Sengerema, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wake nchi nzima. Mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, au mtoto mchanga akipata dharura, hupigwa simu namba 115, bila malipo. Kituo hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Familia haidaiwi nauli. Iandike namba hiyo ukutani leo leo.

Lakini kumbuka, hata dereva wa jamii atasimama pale pale korongoni.

Wewe unaweza kufanya nini?

1. Hesabu. Wewe na wenzako kaeni korongoni siku ya kawaida na siku ya gulio. Andikeni waendao kwa miguu, baiskeli, punda na pikipiki. Andikeni pia siku ambazo maji yalifunga njia.

2. Peleka hesabu hiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji, kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Ukifikisha miaka 18 una haki ya kuingia na kupiga kura. Kama hujafikisha, mpe mama au kaka aisome.

3. Fuatilia. Kutoka kijijini ombi huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu wilayani. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo ombi la mwezi Juni limechelewa. Anzeni mapema, mwaka wenyewe haujaisha.

4. Ombeni kinachowezekana. Kivuko cha miguu, au daraja la mawe ya hapo hapo, kinaweza kugharimu kidogo kuliko daraja la zege.

Jipime

Je, kwenu mgonjwa hukwama wapi? Njia hiyo ni ya nani? Mara ya mwisho nani aliitaja mkutanini? Kama jibu la swali la tatu ni "hakuna", basi, rafiki yangu, umeshapata kazi ya likizo. Dada yako hawezi kuungoja uchungu upite na masika.