SIKIO LA MDUNDO NA USEMI ULIOVURUGIKA: MKAZO WA KISWAHILI JIJINI NAKURU

Utangulizi

Kiharusi au ugonjwa wa Parkinson unapodhoofisha misuli ya usemi, mgonjwa huweza kubaki na akili timamu huku matamshi yake yakivurugika. Hali hii huitwa disathria. Silabi huvutwa au kukimbizwa, sauti hufifia, na asiyejua humdhania mlevi. Makala haya yanajadili iwapo sikio lililozoezwa muziki humfaa msikilizaji wa usemi wa aina hiyo, hasa wa Kiswahili jijini Nakuru.

Matokeo ya Tafiti

Mwaka 2009, Alexandra Parbery-Clark na wenzake nchini Marekani walibainisha kuwa wanamuziki husikia usemi vyema zaidi penye kelele. Hata hivyo, Dorea Ruggles na wenzake (2014) hawakuthibitisha tofauti hiyo. Kuhusu disathria yenyewe, Stephanie Borrie na wenzake (2017) waliwapima wasikilizaji 50. Wenye msamiati mpana ndio walioelewa zaidi mwanzoni. Waliotambua mdundo vyema ndio walioongeza uelewa zaidi baada ya kuuzoea usemi huo. Ifahamike kuwa kilichopimwa ni utambuzi wa mdundo, si miaka ya mafunzo ya muziki. Hivyo, faida ya mdundo haikuonekana katika kuelewa papo hapo, bali katika kujifunza.

Mkazo wa Kiswahili

Tafiti hizo zilitumia Kiingereza, ambamo silabi yenye mkazo aghalabu huanza neno. Katika Kiswahili, mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Humjulisha msikilizaji kuwa neno linakaribia kukoma. Pia hutofautisha maana: barabára ni njia, ilhali barábara ni sawasawa. Disathria inaposawazisha silabi, mipaka ya maneno hufifia. Isitoshe, wakazi wengi wa Nakuru wana Kikuyu au Kipsigis kama lugha ya kwanza, nazo ni lugha toni. Huenda masikio yao yakategemea kupanda na kushuka kwa sauti kwa namna tofauti. Haifai basi kuyahamishia hapa matokeo ya Kiingereza bila kuyapima.

Hitimisho

Wanakwaya wa shule na makanisa ya Nakuru, pamoja na waghani mashairi waliozoea kuhesabu mizani, wangefaa kushirikishwa katika utafiti huo. Hata kabla haujafanywa, funzo moja liko wazi: anayetaka kumwelewa mgonjwa asimwache baada ya sentensi ya kwanza. Sikio hujifunza kwa kuketi na msemaji, na mvumilivu hula mbivu.