SOMO: KOVU NDANI YA MAINI, NA NAMNA YA KULIPIMA PASIPO KISU

Watu wengi hufika hospitali tumbo limekwisha kujaa maji na macho yamekuwa manjano. Wakiulizwa, "Ugonjwa ulianza lini?" hujibu, "Mwezi uliopita." Lakini sivyo. Kwa wengi ulianza miaka mingi nyuma, nao hawakusikia maumivu. Maini hayalii upesi. Kwa hiyo inafaa tujue jinsi waganga wanavyolitafuta kovu kabla maini hayajaharibika kabisa.

1. Kovu ni nini?

Maini yanakaa upande wa kuume, chini ya mbavu. Ya mtu mzima yana uzito wa kilo 1 na nusu hivi. Yanasafisha damu, yanatengeneza nyongo, na kuweka akiba ya nguvu za chakula.

Ukijikata kwa panga, kidonda kinapona, lakini mahali pake panabaki kovu gumu. Ndivyo ilivyo kwa maini. Kitu kikiyaumiza mwaka kwa mwaka, kovu linaongezeka kidogo kidogo. Vinavyoyaumiza zaidi ni hivi:
(a) virusi vya hepatiti B na hepatiti C;
(b) pombe;
(c) mafuta yanayojaa ndani ya maini, zaidi kwa watu wanene na wenye ugonjwa wa sukari;
(d) bilharzia, minyoo inayopenya ngozi tukiingia katika maji machafu ya mto au ziwa.

Waganga wanahesabu hatua toka 0 mpaka 4. Hatua ya 0 hakuna kovu. Hatua ya 4 kovu limeenea pote, maini yamekuwa magumu yenye vinundu. Hatua hii inaitwa sirozi.

2. Njia ya sindano

Tangu zamani waganga walichoma sindano ndefu na kutoa kipande kidogo cha maini. Mwaka 1958 munganga Giorgio Menghini wa Italia alieleza namna ya kufanya hivyo kwa sekunde moja. Sindano ingali ikitumika inapohitajiwa. Lakini pengine inatokeza damu, tena kile kipande ni kama sehemu 1 tu katika 50,000 za maini yote. Je, utajua gunia zima la maharagi kwa kutazama punje moja?

3. Njia ya IRM

IRM ni mashini kubwa ya sumaku. Haitumii miale ya X kama picha za mifupa. Inatumia nguvu za sumaku na mawimbi ya redio kupiga picha ya ndani ya mwili. Lakini picha peke yake haionyeshi vizuri kovu la mwanzo. Mwaka 1995 Richard Ehman na wenzake wa Mayo Clinic, katika mji wa Rochester, Marekani, walitangaza njia ya kuona mtikisiko unavyopita ndani ya nyama. Njia hiyo inaitwa elastografia.

Fikiri kamba iliyofungwa mtini. Ikilegea, ukiitikisa wimbi linakwenda polepole. Ikikazwa, wimbi linakimbia. Hivyo, katika maini laini mtikisiko unakwenda polepole. Katika maini yenye kovu unakimbia. Mashini inapima mwendo huo na kuhesabu ugumu.

Mgonjwa hali chakula kwa saa 4 au zaidi kabla ya kupimwa, maana chakula kinaongeza damu katika maini na hesabu inapanda. Anaondoa vyuma vyote. Kama ana mashini ya moyo mwilini, au kipande cha chuma jichoni, lazima aseme mbele, kwa sababu sumaku inaweza kumdhuru. Analala chali, na kitu bapa kama ngoma ndogo kinafungwa juu ya mbavu za kuume. Kinatikisika mara 60 kwa sekunde. Hakiumi. Anaambiwa atoe pumzi na kuizuia kidogo. Anafanya hivyo mara kadhaa.

4. Maana ya hesabu

Ugumu unahesabiwa kwa kilopaskali. Chini ya 2.5 ni maini mazima. Kupita 5, mara nyingi ni sirozi. Katikati ni hatua za kovu.

Lakini ugumu si kovu sikuzote. Maini yaliyovimba kwa ugonjwa mpya, au yaliyojaa damu kwa sababu moyo umechoka, yanakuwa magumu vilevile. Tena chuma kingi ndani ya maini, kama kwa watu wengine waliotiwa damu mara nyingi, kinaharibu picha. Na kovu la bilharzia hufuata mishipa. Hilo hutafutwa kwa ekografi. Basi munganga hasomi hesabu peke yake. Anamtazama mgonjwa mzima.

5. Kama mashini iko mbali

Hospitali nyingi za inchi yetu hazina mashini hii. Usikate tamaa, wala usiuze shamba kwa kuifuata pasipo shauri la munganga. Damu kidogo ya mkono inaweza kusaidia. Wanapima AST na chembe za kugandisha damu, kisha wanapata hesabu inayoitwa APRI. Mwaka 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kwamba mtu mzima mwenye hepatiti B ambaye APRI yake inapita 0.5 anafaa kutibiwa.

6. Kovu linaweza kupungua

Mashini haiponyeshi mtu, inapima tu. Dawa na kuacha kinachoumiza ndivyo vinavyosaidia. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, wagonjwa 96 wa hepatiti B walikuwa na sirozi. Baada ya miaka 5 ya kumeza tenofoviri, 71 kati yao hawakuwa na sirozi tena.

Kwa hiyo:
- Pimwa hepatiti B na C, hata kama huna maumivu.
- Peleka watoto kuchanjwa hepatiti B.
- Acha pombe.
- Ukipewa dawa ya hepatiti B, usiiache kwa sababu unajisikia vema. Ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali.

Maulizo
1. Kwa nini mtu anaweza kuwa na kovu pasipo maumivu?
2. Mtikisiko unakwendaje katika maini magumu?
3. Kwa nini mgonjwa hali chakula kabla ya kupimwa?
4. Ni nani nyumbani kwako hajapimwa bado?