Mgeni wa Tangu Pasaka

Shangazi, naishi Kiminini, mwendo mfupi kutoka Kitale. Mume wangu anafanya kazi Bungoma mjini, huja Ijumaa jioni. Huu mwaka wa nne ushirika wa Jumatano unakutana kwangu. Wakati wa Pasaka tulimwalika mtumishi kwa mkutano wa siku tatu, nikampa chumba cha wavulana. Mpaka leo yupo, na mahindi yamefika magotini. Mume wangu amenuna. Kijana wangu wa gredi ya tisa anasomea jikoni. Akina mama wananiambia nikimtoa mtumishi, nimemfungia Yesu mlango. Nifanyeje?
Mama Mkarimu, Kiminini

Mama Mkarimu,

Barua yako ni ndefu kuliko hiki kipande tulichochapa, na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Umeandika "kwangu" mara sita. "Kwetu" sikuiona. Nitarudi hapo.

Tuanze na hilo la Yesu na mlango, maana ndilo linalokunyima usingizi. Wakristo wa mwanzo walikuwa na kitabu kidogo cha maagizo kiitwacho Didache. Kilipotea karne nyingi, mpaka msomi Mgiriki, Philotheos Bryennios, alipokikuta Konstantinopoli mwaka 1873. Siku za Wakristo hao wa mwanzo kanisa lilikuwa sebule ya mtu, na wahubiri walitembea mji hadi mji wakilala humo humo. Kitabu kinasema mtume akija apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, ikibidi mbili. Akifikisha tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakakolala, na akiomba pesa, hapo pia mmeshamjua. Msafiri anayetaka kukaa, kama ana ufundi, afanye kazi ale.

Wazee wetu hawakuisoma Didache, lakini nani kati yetu hajui mgeni wa siku ya tatu hupewa nini? Na Paulo alipolala kwa Akila na Prisila kule Korintho hakungoja apewe jembe. Alishona mahema pamoja nao. Wewe una shamba, na huu ni msimu wa kazi. Tangu Pasaka, mtumishi ameshika jembe mara ngapi?

Sisemi ni mtu mbaya. Lakini kuna mistari miwili ya barua yako niliyoipigia mstari mwekundu: kwamba anawaomba akina mama "mbegu" kwa M-Pesa, kwenye namba yake mwenyewe, na kwamba alikuambia mume wako ni kizuizi cha huduma yako. La pesa linaudhi. La pili linaogopesha. Tangu mwaka 2023, msitu wa Shakahola ulipofukuliwa na miili zaidi ya 400 ya waumini wa mhubiri mmoja ikatolewa, hakuna Mkenya mwenye ruhusa ya kupuuza mhubiri anayemtenga mtu na watu wake wa nyumbani. Mzee wa nyumba kumi anajua ni nani analala kwako? Kama hajui, mwambie kesho.

Sasa mume wako. Unasema amenuna kwa sababu "hapendi mambo ya maombi". Niruhusu nikusimulie ya kwetu Chwele. Mama yangu alipokea ushirika wa wale ndugu wa uamsho, moto uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukavuka Uganda ukaingia Kenya. Kila walipokuja, kuku alichinjwa. Sisi watoto tulihesabu kuku waliobaki kama wengine wanavyohesabu siku za kufunga shule. Baba hakuwa mtu wa kutoa ushuhuda, lakini alikaa, akapiga makofi kidogo, akala. Na firigisi ilikuwa yake. Kwetu firigisi ni ya mwenye mji, wewe unajua. Siku moja mama, kwa furaha ya kumpokea mhubiri wa mbali, akaiweka kwenye sahani ya mgeni. Baba hakusema neno. Aliosha mikono, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungwa. Mwaka mzima hakukaa tena na ushirika, na mama akasema vile vile usemavyo wewe, kwamba mzee hapendi maombi.

Umeandika kwamba Ijumaa moja mume wako aliingia akakuta mtumishi kwenye kiti chake, akatoka kukaa nje na redio. Mama, hiyo ndiyo firigisi yako.

Kwa hiyo ushirika usiufunge. Mgeni aondoke, lakini asiondoke kwa mkono wako peke yako. Ijumaa hii, mume wako akishaoga na kula, mwombe msamaha wa kile kiti kabla hujagusa jambo jingine. Kisha mkamwambie mtumishi wote wawili, kwa heshima: tunashukuru, Jumatatu tunakusindikiza stejini. Mpeni nauli na chakula cha njiani. Akina mama wakilalamika, waambie chumba ni cha wavulana, na yeyote mwenye mzigo naye ampokee kwake. Utashangaa jinsi mzigo huo utakavyopungua.

Na Jumatano nayo iondoke kwako, angalau wiki tatu katika nne. Wakatoliki wa jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki (AMECEA) walizisisitiza walipokutana Nairobi mwaka 1976, huzunguka nyumba hadi nyumba: leo kwa mwenye sofa, wiki ijayo kwa mjane mwenye benchi moja na chai ya rangi. Najua hili litakuuma kuliko la mtumishi. Miaka minne umeitwa Mama Ushirika, sufuria kubwa ni yako, na anayeamua tuimbe nini ni wewe. Ndiyo maana ya zile "kwangu" sita. Sikulaumu; hata mama yangu alipenda kuitwa hivyo. Lakini yule mama wa benchi moja hajawahi kuulizwa kama angependa kukaribisha watu.

Kijana naye, wiki hii hii, mrudishie meza. Kusomea karibu na jiko, daftari likiwa na madoa ya mafuta na masikio yakiwa sebuleni, hakutamsaidia kwenye mtihani.

Niandikie baada ya Ijumaa. Nataka kujua mume wako alikaa wapi.

Shangazi