Nani Anastahili Kutawala?

Ndugu msomaji, unaposikia watu wa Mwanga, Kigoma, wakitaja falsafa na demokrasia, jua ya kuwa maneno yote mawili asili yake ni Kiyunani. Falsafa, iliyotujia kwa njia ya Kiarabu, ni kupenda hekima. Demokrasia ni utawala wa watu. Lakini Wayunani walituachia pia swali zito: Nani anastahili kutawala?

Mwaka 399 K.K. mahakama ya raia wa Athens ilimhukumu Socrates kufa. Mwanafunzi wake, Plato, akaona kuwa wingi wa kura peke yake si haki. Akafundisha kwamba watawale wenye hekima, nao wasiwe na mali ya binafsi, wasije wakawanyonya wanaowalinda. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alijibu kwamba hata mwenye hekima ana tamaa. Kwa hiyo itawale sheria. Kipimo chake ni hiki: utawala mwema hutafuta manufaa ya wote, na utawala mbovu hutafuta manufaa ya watawala.

Wanazuoni wa Kiislamu waliipokea elimu hii na kuipima. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika juu ya mji mwema. Ibn Rushd (1126–1198) alikifafanua kitabu cha Plato juu ya dola, akasikitika kwamba wanawake wa nchi yake walinyimwa nafasi ya kuonyesha uwezo wao.

Huku kwetu, utawala wa sheria nao ulipewa wizara yake, ambayo mwaka 1963 ilishikwa na mwana wa Ujiji, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Kisha Azimio la Arusha la 1967 likamkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Hatusemi kwamba lilinakiliwa kutoka kwa Plato, ila hofu ni ileile: mamlaka na mali vikikaa mkono mmoja, haki huponyoka. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Swali likabaki.

Qur'ani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yaamuru amana wapewe wanaostahili, na hukumu iwe ya haki. Basi, ndugu msomaji, ajapo mtu kukuomba kura, usitazame zawadi aliyoichukua. Jiulize: Je, atafuata sheria hata itakapomzuia yeye? Je, atatafuta manufaa ya nani? Kura yako nayo ni amana.